Ufunguo Ulioungua na Seva

Jumatatu, Endasak

Mafaili yote yapo. Hilo ndilo linaloniuma. Kila usiku seva ya parokia ilizifunga sauti za wazee nilizorekodi wakisimulia hadithi, kwa ufunguo wa siri, ikazituma yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, kama nilivyoipanga. Ila ufunguo wenyewe niliuacha humo humo kwenye seva, na jana radi iliiunguza. Mjinga mimi!

Leo amekuja Mama Paulina. Nikamwamkia.

"Marahaba. Tangu tumzike mama yangu, nyumba imenyamaza. Niwekee hadithi zake nisikie, hata moja."

Nikamweleza.

"Si ulisema haziwezi kupotea?"

Hazijapotea. Jina la bibi, mama yake, nalisoma pale kwenye hifadhi, ila faili halifunguki.

Bibi alikubali kurekodiwa kwa sharti moja: wageni wasimsikie. Nikamwahidi, ndiyo maana nikazifunga. Sasa hata mwanawe hamsikii.