Sahani ya Baba Bado Inafunikwa

Baba,

Sahani yako ilikuwa bado inawekwa. Tangu tulipomaliza arobaini yako, Mama alikuwa anasonga ugali wa muhogo saa ileile uliyozoea kurudi kutoka kwenye mikorosho, saa tatu usiku. Anakupakulia mlima, anafunika kwa kawa, anaiacha mezani. Asubuhi sahani ni tupu. Mdogo wangu Mwajuma, kwa kuwa bado mtoto, alikuwa akisema, "Baba amekula," anakwenda shule amefurahi. Mimi nilikuwa naiosha tu. Unanijua, nikiogopa mdomo unakuwa mzito.

Alfajiri moja, adhana ilipoanza, nilitoka chumbani. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chako, amenipa mgongo, anakula. Alimega tonge, akalibonyeza kwa dole gumba mara mbili, kama wewe. Akasema bila kugeuka, "Namsaidia baba yako. Chakula kimemshinda."

Halafu akanywa chai ya vijiko vinne vya sukari, akaenda kuokota korosho. Hakula tena mpaka usiku.

Ndivyo ulivyoishi wewe. Ulikuwa unasema, "Msimu wa korosho hauna chakula cha mchana," nasi tunacheka. Kutwa nzima tumbo tupu, usiku unakula cha siku nzima na kulala. Sisimizi walipoanza kupanda ukuta wa bafu kufuata mkojo wako, tulimwaga majivu tu. Hatukujua kuwa ni ugonjwa wa sukari. Hukufika hata miaka hamsini, Baba. Sasa kila asubuhi nautazama ukuta ule kabla Mama hajaamka. Mpaka leo sisimizi hawajaja.

Nilimpeleka Mama zahanati hapa Kiegei. Nesi alimpima, akasema sukari imepanda kuliko kawaida lakini haijawa kisukari, na kwamba hapo alipofika bado anaweza kuizuia. Ale asubuhi, ale mchana, cha jioni kiwe kidogo na kiliwe mapema. Akachora sahani kwenye daftari lake: nusu mboga, robo ugali, robo kunde au dagaa. Sukari ya chai aiache.

"Sasa nikoroge nini, nesi, chumvi?" Mama alimwuliza, wakacheka wote.

Lakini njiani aliniuliza, "Tukila mapema, baba yako akija atakuta nini?"

 Kesho yake nikaanza kumpelekea chakula shambani mchana, mbaazi na mchicha na kipande cha muhogo. Alikula. Usiku akakupakulia vilevile.

Kisha Mama alikwenda Narung'ombe kwenye msiba wa binamu yake, akalala huko. Nilijiambia sitaweka sahani. Niliiweka, Baba. Sijui hata mkono uliichukua saa ngapi. Asubuhi ilikuwa tupu. Mwajuma alikuwa bado amelala. Vidole vyangu vilinuka dagaa, na tumbo lilikuwa limejaa mpaka linauma. Sikumbuki kula.

Mama aliporudi nilimwambia yote, hata yale niliyoapa kuyaficha. Nilimwambia naogopa kumzika yeye pia. Alininusa vidole, ingawa nilikuwa nimeshanawa mara nyingi.  Akasema, "Basi na wewe umeshaanza kumsaidia." Akaichukua sahani yako, akampelekea shangazi, isikae tena nyumbani.

Siku hizi tunakula saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado uani. Mama analalamika kuwa ugali umekuwa kama wa kifaranga, lakini anamaliza mboga.

Jana, tukiwa tunakula, mkono wake ulisimama kabla tonge halijafika mdomoni. Nami nikasikia. Breki za baiskeli yako, zile za kulia kama ndege, zikakoma mlangoni. Baiskeli hiyo baba mdogo alikwishaiuza Ruangwa. Mwajuma aliutazama mlango, akanitazama mimi. Mama alitaka kuinuka. Nilimshika kitenge. Sikuwahi kumshika Mama hivyo. Alikaa, akala tonge lake. Hakuna aliyekwenda kufungua.

Nilihisi kama nakufukuza kwako mwenyewe, ndiyo sababu naandika. Si kwamba hatukupendi. Njoo kwenye ndoto, njoo shambani, nitakuitikia. Ila usije tena saa ya chakula. Mama ana miaka arobaini na mbili tu, na mimi bado namhitaji.

Kila Ijumaa nitakuombea dua, na kila jioni nitakaa karibu na Mama mpaka amalize kula. Hilo nakuahidi. Lala, Baba. Umeshiba.

Mwanao,
Somoe