Gia ya Mashine ya Alizeti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama mfikishie shikamoo yake. Goti lako linaendeleaje? Hapo Issuna jua bado ni lile lile? Mimi mwili mzima, ila moyo hauna raha, na sitakuficha.

Mdogo wangu Hamisi aliponitumia vipimo vya gia iliyovunjika ya mashine yetu ya kukamua alizeti, nilijigamba sana. Si ndiyo kazi yangu huku Ujerumani? Nachora vipuri kwenye kompyuta, halafu mashine inavijenga kwa plastiki iliyoyeyushwa, tabaka juu ya tabaka. Meno ya gia niliyanenepesha kwenye shina, nikaichapa ikiwa imelala ili isipasuke kati ya tabaka. Niliizungusha karakanani siku nzima, haikutetereka. Nikampa mwenzangu aliyekuwa anarudi Dodoma, nikajiona nimeokoa nyumba.

Kumbe niliijaribu kwenye baridi ya huku! Uliponipigia ukasema, "Zai, gia yako imelegea kama nta. Kwani umesahau alizeti tunaianika kwenye mabati, tunaimimina ingali inachoma?" nilijiona mjinga. Mimi niliyeungua vidole kwa alizeti hiyo hiyo!

Nimeichora upya, ya chuma. Mashine ya kuchapa chuma ipo, naiona kutoka kwenye kiti changu. Bosi aliutazama mchoro, akausifu, akasema mashine ile ni ya kazi za wateja tu. Nimembembeleza mpaka nimechoka, na bei ya mteja siimudu. Jana ilichapa kipuri cha mashine ya kahawa ya watu, nami ndiye niliyekichora. Nililia chooni, baba.

Mafundi wa Singida mjini walishasema meno yaliyopinda vile hawawezi kuyachonga. Basi yule mtu wa Ulemo anayeitaka mashine kama chuma chakavu, muuzie. Najua ndiyo iliyotulisha na kunisomesha. Sioni njia nyingine. Majirani watakamulia Ikungi, na wewe utabeba magunia yako kama wao.

Nisalimie shangazi muuza mashudu, na bibi. Hamisi mwambie asijilaumu, vipimo vyake vilikuwa sahihi.

Nasikia mama bado anaanika alizeti kila asubuhi, eti Zai hashindwi na kitu. Mwambie aanue. Gia haiji.

Ni mimi binti yako,
Zaituni