Chamchela Tatu za Ruwi

Ruwi, Maskati

Dada yangu mpenzi Zuwena,

Shikamoo. Nakubusu mkono kwa mbali. Mguu wako umepoa? Na Mama, kile kikohozi cha asubuhi kimemwacha? Mie na wanangu tu wazima wa mwili, Alhamdulillahi, ila moyo wangu hautulii, ndio maana nakuandikia.

Unajua kazi yangu hapa kiwanja cha ndege ni ileile ya Unguja, kupima hali ya hewa. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumanne, baromita, kile kipimo cha uzito wa hewa, ilikuwa ikishuka tangu alfajiri. Upepo wa chini ulitoka baharini, wa moto na umejaa unyevu. Nikarusha puto la kupimia upepo, nikaliona huko juu linachukuliwa mbio na upepo mwengine, mkavu, wa kutoka jangwani. Pepo mbili zikipishana hivyo, wingu likipanda kati yao huanza kuzunguka.

Dada, nilijua tangu saa tatu ya asubuhi. Lakini mwezi wa nyuma yake niliwahi kuwatoa majirani vibandani kwa tufani ambayo haikuja, wakanicheka wiki nzima. Basi nikanyamaza. Nikasema ntapima tena saa sita.

Saa sita baromita ilikuwa imeporomoka. Nikakimbia mtaani nikipiga kelele, "Tokeni kwenye makuti! Ingieni msikitini, kuna ukuta wa mawe!" Wengi wakanifuata. Jirani yangu Seif, seremala, alikuwa juu ya paa lake akikaza kamba.

"Leo tena?" akacheka. "Nnamaliza upande huu, nakuja."

Wingu jeusi likatoka milimani, zikashuka chamchela tatu, pepo za kuzunguka, moja nyuma ya mwenziwe. Msikitini tulisikia mngurumo tu, watoto wameng'ang'ania kanzu zetu. Tulipotoka, mtaa haupo. Seif tulimkuta chini bondeni. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Mkubwa wangu wa kazi, Mwingereza, akaniamuru niandike ripoti ya sababu za maafa yale. Nikaandika yote, na nikatia kuwa dalili nilizijua saa tatu.

"Hilo lifute," akasema. "Hiyo si hali ya hewa."

"Bwana, hilo ndilo pekee tunaloweza kulirekebisha."

Akatia sahihi bila ya kunitazama, na neno lile likabaki.

Kisha nikaenda kwa mkewe Seif. Yumo edani, haonani na wanaume wa nje, nikazungumza naye nyuma ya pazia, kaka yake amekaa nami. Nikamwambia kila kitu.

"Ungemwambia saa tatu asingekusikia," akasema. "Namjua mume wangu. Lakini ungemwambia."

Siku hizi, Dada, nikiona dalili nagonga milango, wacheke wasicheke. Jana nimegonga yote. Halikushuka hata tone moja la mvua, na watu wote walitoka.

Nisalimie sana Mama, na shemeji yangu mumeo, na shangazi yetu Bi Salma aliyetulea, na wajomba wote wa shamba. Muombeeni Seif, na mie msinisahau.

Mdogo wako akupendaye,
Nassor