Honi ya Festo

Lubumbashi, mtaa wa Makomeno

Dada yangu Veronika,

Shikamoo. Natumaini goti la mama limetulia, na shemeji amemaliza kuezeka lile jiko. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo ina mambo, na wewe ndiye uliyeichokoza uliponiandikia nimsamehe binamu yetu Festo kwa kuwa shangazi, mama yake, analia. Shangazi alie, lakini asikie na upande wangu.

Unajua Festo ndiye aliyenipokea huku. Alikuwa akibeba magunia ya unga kwenye bekari ya Mama Godelive, na siku zote aliutamani usukani wa gari la mikate. Mama huyo akanipa mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye leseni ya siku nyingi. Festo alinipongeza mpaka akanikumbatia.

Nikamwomba anieleze sheria za huku, maana kila nchi ina zake. Akasema, "Shika kulia tu, mengine ni kama kwetu Tunduma. Ila ukisikia filimbi asubuhi, usisimame. Ni polisi wanawinda wageni. Kanyaga mafuta."

Dada, ile si filimbi ya kuwinda mtu. Bendera ya taifa ikipandishwa asubuhi, filimbi inalia na kila kitu kinasimama: magari, baiskeli, mama mwenye beseni kichwani. Hata mtoto mdogo anajua. Mimi nikaona watu wamesimama wima barabarani mbele ya kituo cha polisi, nikawapigia honi, nikawapita bendera ikiwa nusu ya mlingoti.

Askari akanirukia dirishani. "Weye! Bendera iko inapanda, na weye uko unapita? Na honi juu! Unazarau inchi yetu?"

Nikasema mimi ni mgeni.

"Mugeni njo anapashwa kusimama wa kwanza!"

Gari lilizuiwa mpaka jioni, mikate ikakauka ndani, nami nimeketi sakafuni kituoni bila viatu. Mama Godelive akaja pamoja na Festo, naye Festo amevaa sura ya msiba. "Mama, nilimufundisha yote," akasema, maana siku hizi anaongea kama wao. "Kichwa yake njo nguvu," yaani mimi ndiye mkaidi. Siku hiyohiyo funguo zikaingia mfukoni mwake. Na kila asubuhi alipopita mlangoni kwangu na gari la mikate, alipiga honi. Kila asubuhi, dada!

Nilimchukia kama sijawahi kumchukia mtu. Mzee mmoja wa Kilwa, mwenye teksi, alikubali kuniajiri kwa sharti nipite kwanza shule ya udereva. Nilisoma kama mtu anayenoa panga. Huko ndiko nilikojifunza jambo ambalo Festo hajawahi kulisikia: kwenye njia panda isiyo na kibao, anayetokea kulia kwako hupita kwanza, hata kama wewe uko kwenye lami na yeye anatoka kwenye vumbi. Wanaiita priorité à droite. Festo bado anaendesha kwa akili za Tunduma, kwamba mwenye lami, goudron kama wanavyoiita huku, ndiye mfalme.

Nikaichunguza njia yake. Kuna kichochoro hapa Makomeno kinachotokea kulia kwake, na askari wa barabarani husimama hapo. Siku moja gari la mikate lilikuwa linakuja mbio. Nikatoka na teksi yangu taratibu, nikiwa na haki yangu yote. Festo akapiga ile honi yake. Sikusimama. Akakanyaga breki, gari likaserereka, mlango wa nyuma ukafunguka na mikate ikamwagika barabarani. Hakuna aliyeumia, ingawa nitakuwa mwongo nikisema niliomba asiumie.

Askari akamwendea. "Ule anatokea ku mukono ya kuume. Priorité iko ya nani?"

"Yangu! Miye niko ku goudron, ye iko ku vumbi!"

Watu walicheka, dada, nami nikacheka kuliko wote. Mama Godelive alipofika, aliitazama mikate kwanza, kisha Festo. "Ulisema ulimufundisha Gaspari sheria yote. Weye mwenyewe hauijue. Sasa ulimufundisha nini?"

Festo akanigeukia kana kwamba ningemsaidia kujibu.

Teksi nimemrudishia mzee, funguo za gari la mikate ninazo tena, na Festo amerudi kwenye magunia. Juzi nilikuwa natoka na mikate, filimbi ikalia, nikazima injini. Festo alikuwa anavuka barabara na gunia begani, akaganda mbele ya gari langu hasa. Hakuthubutu kulitua wala kusogea, na unga ulikuwa unamdondokea kwenye kope. Bendera ilipanda polepole, nami nikaomba kamba inase kidogo. Ilipolia filimbi ya pili, ile ya kuwaachia watu waende, akaja dirishani. "Binamu," akasema, "yaishe."

Nikapiga honi.

Nisalimie mama, umwambie asichote maji na goti hilo. Nisalimie shemeji, fundi wetu wa mabati, na Yona wako. Shangazi Eliza mwambie mwanawe yu mzima, ana kazi, na sasa anajua kusimama. Kuhusu msamaha, dada, niache kwanza. Yeye alinipigia honi miezi na miezi. Mimi ndiyo kwanza nimepiga moja.

Mdogo wako akupendaye,
Gaspari