Fuko wa Bwana Muhuri

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaipokea hapa nilipoketi, maana najua huwa huikawizi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, shemeji mzima, na watoto wanaendelea kupigana kwa afya njema. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio bado ule ule, mlango ukigongwa unatangulia kwenda kujificha. Marehemu baba hakukosea kuniita Kunguru. Ila kunguru wa kwenye methali uoga wake humponyesha ubawa, na mimi wangu haukuwahi kuniponyesha kitu mpaka juzi.

Kabla hujaendelea, najua unamsomea mama barua zangu kwa sauti tangu macho yake yakatae herufi. Msomee salamu, kisha mwambie kuna kitu kinaungua jikoni, uingie ndani usome peke yako. Humu nimemsema mtu mzima, na mama hapendi.

Uliniuliza kwa nini sijathibitishwa kazini, ilhali wenzangu niliofika nao wameshathibitishwa. Ukanikumbusha kwamba asiyethibitishwa hapewi nyumba ya watumishi, kwamba daktari amesema macho ya mama hayawezi kungoja zaidi, kwamba hospitali ya kumtibu iko huku niliko, na kwamba huwezi kumleta mama mgonjwa alale kwenye chumba ninachochangia na karani mwenzangu anayekoroma kama gari bovu. Yote ni kweli. Nilinyamaza kwa sababu jibu lilikuwa la aibu. Jibu, dada, lilikuwa fuko.

Mkuu wetu wa kitengo tunamwita Bwana Muhuri, nyuma ya mgongo wake na mlango ukiwa umefungwa. Ni mtu anayegonga muhuri kila kitu. Gazeti lake analigonga ili lisichukuliwe, na kalenda ya ukutani ina mihuri kuliko tarehe. Ana mwili mkubwa na sauti inayofika mahali kabla yake. Akisimama nyuma ya kiti chako hasemi kitu. Anapumua tu, na wewe unakosea kuandika jina lako mwenyewe. Ndiye anayesaini barua za kuthibitishwa. Yangu ilikwisha kupigwa chapa zamani, akaitia kwenye mkoba wake, ule anaoubeba kwenda na kurudi nyumbani ili aonekane ana kazi. Ikawa inatembea matembezi hayo kila siku bila saini.

Nyuma ya nyumba yake ana bustani ya mboga: karoti, viazi, kabichi na vitunguu. Mwanzoni mwa msimu fuko, wale panya wachimbao chini ya ardhi, wakaiingia. Asubuhi unakuta vichuguu vya udongo mbichi katikati ya tuta, na karoti imesimama vizuri na majani yake. Ukiivuta inakuja majani matupu. Karoti yenyewe imeliwa kutoka chini, kwa adabu, bila kugusa kilichoko juu. Bwana Muhuri aliona hiyo ni dharau dhidi ya cheo chake. Akanitazama ofisini, akasema mimi ninatoka kwenye familia ya wakulima, na kwamba kila Jumamosi nitajitolea. Nikamjibu ndiyo mzee. Akasema siku atakayokula karoti nzima ya bustani yake mwenyewe, ndiyo siku atakayoisoma barua yangu. Nikamjibu ndiyo mzee. Unajua kwamba sisi tumelelewa na fundi cherehani na hatukuwahi kuwa na hata tuta la mchicha, lakini nani angemwambia.

Sijapata kuona elimu ikitumika kijinga kiasi hicho. Kwanza alisema adui lazima ajulikane, akaniagiza nichore ramani ya mashimo yote na kila shimo nilipe namba ya jalada. Nikachora. Jumamosi iliyofuata mashimo yamehama, naye akanigombeza kwamba kumbukumbu zangu hazilingani na hali halisi. Halafu akaleta pilipili ya unga tuipulize shimoni kwa pampu ya baiskeli. Upepo ukageuka. Fuko hakupiga chafya. Tuliopiga chafya ni sisi. Halafu akaamua kuwagharikisha. Akaingiza mpira wa maji shimoni, akakaa barazani kunywa chai, na tuta zima la vitunguu likadidimia kama mkate uliotolewa jikoni kabla ya wakati, kisha maji yakatokea ndani ya stoo yake ya mkaa. Mkewe alitoka na ufagio, akauliza kama fuko wamepata nafuu ya kiu.

Huyo mama mwenye nyumba ana ulimi, dada. Siku moja alininong'oneza kupitia dirisha la jikoni kwamba karoti anazokula mumewe kila siku anazinunua yeye sokoni, anazipaka udongo kidogo, anaziweka kwenye kapu mlangoni, na bwana anazitafuna akisema hakuna ladha kama ya jasho lako. Nikauliza kwa hofu kama basi karoti hizo zingeweza kuhesabiwa kwenye barua yangu. Akacheka mpaka akaegemea sinki. Akasema hapana, mwanangu, kwa sababu mashimo bado anayaona, na kinachomuuma si njaa.

Njia iliyofaa niliigundua kwa uoga wangu mwenyewe. Nilikwisha kuona kwamba fuko hapendi handaki lake liingie mwanga. Ukilifungua, baada ya muda anarudi kuliziba, anasukuma udongo kwa kichwa. Kinachohitajika ni mtu wa kusimama juu yake bila kupumua wala kutikisika, kisha achome beleshi nyuma yake kumkata njia ya kurudi. Kusimama bila kupumua ndiyo kazi ninayoifanya ofisini kila siku. Nikampata. Nikamtupa ndani ya ndoo: mnyama mdogo, laini, wa rangi ya chai ya maziwa, hana masikio ya kuonekana, macho kama mbegu za ufuta, na meno manne marefu yamechomoza nje ya midomo kana kwamba yamemshinda kufunga. Kwenye paji la uso ana baka jeupe.

Bwana Muhuri wakati huo alikuwa ameshafika barazani, ameziba pua kwa leso. Alikuwa ameniambia tangu awali kwamba ana mzio wa manyoya ya wanyama, nami nikaamini; sikuona ajabu hata mzio wake ulipompandisha ngazi mbio. Kutoka kule juu akatoa amri. Fuko asiuawe. Apelekwe nyuma ya ua, amwagwe kwenye shamba la jirani.

Jirani ni mkunga mstaafu, mama mzee anayeishi peke yake na kula anachopanda. Kosa lake ni kwamba fuko hawajawahi kuingia kwake, na Bwana Muhuri ana hakika kuwa anawafundisha njia. Hivyo ndivyo anavyofikiri, dada. Mwenye ofisi nzima chini yake anamwonea wivu bibi kizee kwa sababu ya viazi.

Nikabeba ndoo nikazunguka ua. Nikamkuta mama mkunga ameinama, anapalilia, akaniamkua kabla sijamwamkua, akaniuliza mbona nimekonda, kazini hawali? Mkono wangu haukuinuka. Sikuwa na huruma ya maana, usinisifu. Niliogopa tu kumwaga balaa mbele ya macho ya mtu. Nikasema nimekuja kusalimia. Nikarudi na ndoo yangu. Huku nikasikia Bwana Muhuri ananiita kwa sauti ile, nikababaika, na shimo lililokuwa karibu lilikuwa lile lile nilimomtoa. Nikamwaga. Akazama chini ya kabichi bila kuaga. Nikaulizwa kama nimemaliza. Nikajibu ndiyo mzee.

Wiki ile ofisini hatukumtambua mkuu wetu. Aliimba koridoni. Alimruhusu karani wa mapokezi kwenda kumuuguza mtoto. Alimweleza kila aliyeingia jinsi alivyowafurusha maadui na jinsi jirani yake atakavyokoma. Kufikia Ijumaa karoti zikaanza tena kuzama, na Jumatatu akatupiana maneno na mhudumu wa chai kwa sababu kijiko kilikuwa cha moto. Jumamosi nikamnasa tena. Akapata tena furaha yake. Wenzangu, ambao hawajui lolote, wakaanza kuniuliza kila Ijumaa kama kesho nitakamata.

Dada, ni fuko mmoja. Hilo sijamwambia mtu. Ni yule yule mwenye baka kwenye paji la uso, kila Jumamosi, ndoo ile ile. Sasa tumezoeana, hapigi tena kucha kwenye plastiki, anakaa akingoja safari iishe. Bwana Muhuri anahesabu ukoo mzima aliouhamisha, wazee kwa vijana, na hajawahi kuinama kumtazama hata mmoja.

Mama mkunga alijua kabla ya wote. Aliniita uani akasema ameniona kupitia upenyo wa ua. Nilidhani atanisema kwa mkuu, na barua yangu itaishia kufungiwa vitunguu. Akasema yeye kazi yake maisha yote ilikuwa kuwatoa, hii ni mara yake ya kwanza kuona mtu anawarudisha. Kisha akaniuliza ninaogopa nini. Nikamtajia. Akatema mate pembeni, akasema nimtazame vizuri bwana mkubwa wangu siku nyingine ndoo itakapokuwa karibu naye, halafu nimweleze ni mzio gani huo unaomwingia mtu magotini.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niandike. Jumamosi hii mkewe alikuwa ameosha ngazi za baraza na sabuni, akamkataza mtu yeyote kupanda. Kwa hiyo Bwana Muhuri alikuwa bustanini, na mkoba wake kwapani, nilipoinua beleshi. Alipoona nageuka na ndoo, fuko yumo ndani, akarudi nyuma, akajikwaa kwenye tuta, akapanda juu ya kreti la soda lililokuwa pale. Fuko akainua kichwa, akaonyesha meno yake. Dada, mtu yule mkubwa alitoa sauti ndogo ambayo nimeisikia mara nyingi, lakini siku zote ilikuwa ikitoka kwangu.

Nilisimama. Nilikuwa natetemeka, na ndoo ikitetemeka pamoja nami, na kila ikitetemeka yeye anajikunja juu ya kreti na kushikilia mkoba kifuani kama mtoto mchanga. Aliniambia niiondoe. Kisha akaniomba. Kisha akaniita mwanangu. Nikamtazama mtu niliyekosa usingizi kwa ajili yake, niliyemchorea ramani ya mashimo, nikaona shati limemtoka suruali na soksi zake hazifanani, na nikaona aibu. Si kwa ajili yake, bali kwa ajili yangu, kwamba hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa.

Nikamwuliza, kwa heshima zote, kama ameshapata nafasi ya kuisoma barua yangu.

Akasema Jumatatu. Nikasema sawa mzee, nitangoja, na sikuondoka. Fuko akajaribu kupanda ukingo wa ndoo. Bwana Muhuri akafungua mkoba akiwa juu ya kreti, akaitafuta barua, akaiweka gotini, akasaini. Imepinda lakini ni saini yake. Na usicheke, akatoa mfukoni muhuri wake mdogo, akaupulizia pumzi, akagonga. Hata pale. Dirishani jikoni nilisikia sahani ikianguka na mtu akicheka.

Ninayo barua hapa mbele yangu. Nimethibitishwa. Sijui utanionaje, baba angesema mdogo hamkalii mkubwa kooni, na pengine angekuwa na haki. Mimi mwenyewe nilipofika chumbani nilitapika, kwa hiyo usidhani nimegeuka simba. Lakini nimelala vizuri.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na umpelekee salamu zangu jirani yenu anayeniulizia kila siku kama bado naishi. Mama mwambie aanze kufungasha, ila polepole, asijichoshe. Fomu ya nyumba ya watumishi nayo inahitaji saini, na mwenye kuisaini ni yule yule. Ndiyo maana fuko nimemrudisha chini ya kabichi, na kabla sijaondoka nikamwachia karoti moja kutoka kwenye kapu la sokoni.

Mimi mdogo wako,

Kunguru