Maziwa Mabichi ya Hadado

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Hadado, kaunti ya Wajir. Nilioanza nao udaktari wako wodini na makoti yao meupe. Mimi nimetundikwa katikati ya shahada mbili, tabibu nusu, mtafiti nusu, nikitoa damu ya wafugaji na ya ngamia wao. Natafuta brusela, homa inayoingia kwa maziwa mabichi. Kazi hii niliitaka mwenyewe! Nani alisimama juu ya meza chuoni akanguruma kwamba damu ya Kaskazini Mashariki imesafiri kuliko wenye damu, na majibu hayajawahi kurudi? Mimi. Basi yangu yatarudi.

Rukiyo, mke wa Abdiqani, ameanza kuchemsha maziwa. Mimba yake ina miezi mitano. Mama mkwe wake, Weris, amenuna: maziwa yakichemshwa, ngamia anakauka chuchu.

Alhamisi, 11 Septemba 2025
Mgomo! Weris ametangaza kuwa hakuna atakayetoa damu mpaka daktari anywe maziwa mabichi. Nimefundisha, nimebembeleza. Akacheka: “Hooyo, mwanangu, mmezoea ya pakiti huko Nairobi. Matumbo yenu yamekuwa ya karatasi.” Wanawake wakaangua kicheko. Baba yangu ni wa hapa hapa. Kukataa maziwa ni kuwakataa wao.

Nikanywa. Yalinukia moshi wa chombo. Vigelegele! Kabla ya adhuhuri nilikuwa na mirija sitini ya damu. Sijawahi kushinda mkutano wowote namna hii.

Jumapili, 5 Oktoba 2025
Niko Wajir mjini na sampuli zangu. Abdiqani amepiga simu kutoka Hadado. Rukiyo ana homa, viungo vinamuuma, jasho linalowesha mkeka. Nikauliza kama bado anachemsha. Hapana, tangu siku ile. Alimwambia mumewe: ikiwa daktari amekunywa, mimi ni nani wa kuchemsha?

Nimemwambia amlete hospitali ya hapa mjini leo leo.

Jumatano, 8 Oktoba 2025
Mtoto ametoka. Msichana. Hakulia.

Vipimo vya mama: brusela.

Jumanne, 14 Oktoba 2025
Kanuni ni nyepesi kusoma: mshiriki akidhurika, kamati ya maadili iarifiwe. Nimempigia profesa anayenisimamia. Alinisikiliza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Brusela ilikuwepo kabla yako, akasema. Kamati itasimamisha kila kitu. Utarudi wodini bila utafiti, na wale watu hawatapata hata hayo majibu unayoyapigia kelele. Fikiri kama mwanasayansi, Idman.

Nilikuwa na hotuba tayari. Ubeberu wa maabara, watu wetu kugeuzwa chupa — yote yalikuwa mdomoni. Sikuitoa. Kwa sababu kuna jambo ambalo profesa halijui, na ambalo hata humu sikuliandika.

Siku ile niliyokunywa, nilirudi hemani nikameza vidonge vya kinga. Nikaendelea kuvimeza wiki tatu, asubuhi na jioni, nikiwa nimeipa zipu ya hema mgongo. Nilikuwa navyo kwenye mkoba tangu Nairobi. Niliwaonyesha watu kinywa changu kikinywa, nikawaficha kinywa changu kikimeza. Rukiyo aliniamini kwa kipande nilichomwonyesha.

Fomu ya kamati nimeijaza. Sentensi ya vidonge imo. Nimeituma kabla ujasiri haujaniisha.

Alhamisi, 16 Oktoba 2025
Hadado tena. Kamati haijajibu. Sikungoja.

Wanawake walikusanyika kwa Weris kumpa Rukiyo pole. Nikasema ugonjwa ulitoka kwenye maziwa. Weris akaniinua mkono kama mshindi: “Mtazameni huyu! Alikunywa yale yale, mbona mzima? Ni qadar ya Mungu, hooyo. Usijitese.” Wote wakaitikia. Walikuwa wananisamehe — na msamaha wao ulikuwa unarudisha maziwa mabichi katika kila nyumba.

Nikasema: nilimeza dawa.

Heri wangenitukana. Weris aliuachilia mkono wangu. Rukiyo aliuliza taratibu: “Siku ile ile?” Nikasema ndiyo. Akajifunika uso kwa mtandio.

Nimetoka, niko ndani ya gari. Dereva ananiambia tuondoke. Nimemwambia asiwashe. Kina mama watatu wametoka wamesimama juani, wanalitazama gari.

Abdiqani anakuja. Amegonga kioo. Anasema hataki maneno. Anataka kuziona hizo dawa, na anataka kujua zilikuwa ngapi, kama zingewatosha wawili.