Miale Mingi, Kichwa Kimoja

Dada Elinami,

Tangu tukuzike kwenye migomba yako sijaandika lolote, hata kwa gazeti. Wewe uliyezoea kuniambia, "Punguza moto, utaunguza na wasomaji," ungeshangaa.

Leo nina neno. Nimesoma kwamba ng'ambo huko wataalamu wanajaribu kutibu uvimbe wa ubongo kwa miale, bila kupasua fuvu. Wanaielekeza kichwani kutoka pande nyingi. Kila mwale peke yake ni dhaifu, unapita bila kuunguza. Ila pale yote inapokutana, kwenye uvimbe wenyewe, nyama ile mbaya hufa. Nilisoma, nikatoka nje, nikasimama tu. Wewe, dada, daktari wa serikali hapa Arusha alikupa vidonge vya homa mpaka macho yakazima. Watawala wanaojua kupima kila ekari ya Meru hawakuona haja ya kupima kichwa chako.

Nikadhani walau elimu hiyo itamfaa binti yako. Posa ya Anasia ilikuwa inayumba. Wakwe wa Tengeru walisikia kwamba mumeo alipokufa ulikataa kurithiwa na shemeji yako, wazee wa ukoo wakakulaani, ndipo kichwa kikaanza kukuuma. Hawaoi nyumba yenye laana. Basi nikawaita, wao na wazee, wakae pamoja. Nikasema ule ulikuwa ugonjwa, una hata dawa. Nikawaeleza miale: mmoja hauna nguvu, yote ikielekezwa pamoja inaua.

Shemeji yako akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa umesema, msomi wetu. Sauti ya mzee mmoja haiui mtu. Sisi tulisimama wote, tukamwelekea yeye. Kumbe Wazungu nao wamejifunza kulaani."

Wazee wakaitikia kwa pamoja, kama walivyoitikia siku ile ya laana. Wakwe wakainuka, wakabeba kibuyu chao cha pombe ambacho hakijaguswa. Mimi niliyebishana na mabwana shauri na wachungaji nikawafungulia mlango.

Anasia anachuma kahawa yako. Jana aliniambia, "Mjomba, usinitetee tena."

Nimekubali. Nakuahidi atakaa kwangu, na hakuna atakayemlazimisha kuolewa asikotaka. Hilo naliweza. Lakini asubuhi nilimwona ameshika paji la uso, akasema ni jua tu. Likiwa si jua, dada, sijui nitampeleka wapi.

Lala salama.

Mdogo wako